Kutembea na Mtungi Mtupu

Jumamosi, jioni. Mvua ya mawe imepita, chai imechanika majani, na mimi nimekasirika.

Nimeanza na hasira makusudi, nisije nikaisahau katikati nikaanza kuwaandikia habari za maua. Mnaosoma ukurasa huu mmezoea nikisifu: sukuma wiki yangu, ukungu wa hapa kwetu Sosiot asubuhi, mursik, maziwa yetu ya mgando, iliyokaa ikakubali. Leo sisifu kitu. Mwanangu Kiprono amekuja kutoka Nakuru kunichukua. Gari lake liko uani, limeshageuzwa, limeangalia lango. Anasema tutaondoka kesho baada ya ibada, "kwa muda kidogo tu, Mama." Anaishi ghorofa ya tatu. Nilipouliza kama kuna ngazi, nikiwa na tumaini, akanituliza kwamba kuna lifti.

Kosa langu ni kutembea.

Siwatanii. Nimefundisha Kiswahili shule ya upili mpaka nikastaafu, nimelea watoto watatu, nimemzika mume, sijawahi kuitwa mbele ya chifu wala mbele ya wazee wa kanisa. Sasa nimepita miaka sabini, na shtaka langu ni kwamba nimeonekana barabarani nikienda kwa miguu yangu.

Kwa asiyejua kwetu nieleze. Huku, mama mzee mwenye watoto wenye kazi hafanyi kazi. Ndiyo heshima yenyewe. Akionekana na kikapu cha chai mgongoni, hakuna atakayesema ana nguvu. Watasema watoto wake wamemtupa. Kwa hiyo baba yao alipofariki, wanangu walikaa wakakubaliana kwamba Mama sasa apumzike, na wakafanya kweli. Wakamleta Baba Brian, mtu mzima mwenye familia yake, achume chai na kukamua ng'ombe. Wakavuta maji mpaka jikoni. Wakaleta gesi. Wakapanga na mtu wa pikipiki awe anachukua maziwa hapa langoni kila asubuhi na kuyapeleka kituoni. Mwisho wakaninunulia kiti, kile kikubwa cha kuegemea, ambacho ukikaa kinakumeza mpaka mabega.

Kila kitu hapo ni kizuri kikiwa peke yake. Mtoni siendi, kuni sipasui, mteremko wa kituoni siushuki, na wa kurudi siupandi. Nani angekataa? Nilikaa. Wageni wakija wananikuta nimekaa, wanasema Mwalimu amebarikiwa, nami naitikia.

Kisha miguu ikaanza kuniaga.

Haikuja kwa kishindo. Kwanza nilianza kushikwa mkono kupanda vidato vya kanisa. Kisha magoti yakawa yanakataa kufunguka asubuhi. Usingizi ukapotea, maana mtu aliyekaa kutwa analala kwa uchovu gani? Presha ikapanda, tukaongeza dawa. Msimu wa mvua uliopita nikateleza bafuni, sikuvunjika, ila nilikaa pale chini muda mrefu nikitafuta pa kushika. Wanangu waliposikia wakatoa amri moja: Mama asiguse kitu tena. Tangu siku hiyo nikiinua hata sufuria, Baba Brian ananiambia, "Madam, Kiprono alisema usiguze," na ananinyang'anya kwa adabu kubwa.

Daktari wa kliniki, mwanamke mmoja mwenye maneno machache, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia nikunje mikono kifuani nisimame kutoka kwenye kiti bila kushika popote. Nikacheka kwamba jambo gani hilo. Nikajaribu, nikarudi chini. Nikajaribu tena, nikarudi chini. Mimi niliyekuwa nikisimama mbele ya ubao kutwa nzima! Nililia mle ndani, tena si kidogo.

Aliningoja nimalize. Kisha akasema huu si uzee peke yake, ni kiti. Misuli isiyotumika inakwisha, na katika umri wetu inakwisha upesi, lakini ukiirudishia kazi inarudi, hata kwa mtu wa umri wangu na zaidi. Akanieleza kwamba kutembea kila siku, mpaka pumzi iende mbio kidogo lakini bado uweze kuongea, kunasaidia presha kushuka na sukari kutulia, na mifupa pia inahitaji kubeba uzito wa mwenyewe. Na kwamba wazee wengi wanaanguka kwa sababu miguu imesahau kazi yake, kwa hiyo ukimzuia mtu kutembea ili asianguke unamkaribisha aanguke. Dawa niendelee nazo, alikazia hapo. Lakini nitembee, nisimame na kukaa mara kadhaa nikishika meza mpaka nisihitaji meza, na nibebe kitu kidogo kidogo. Nilitoka pale na nguvu ya mtu aliyesamehewa.

Nikaanza kutembea. Hapo ndipo niligundua kwamba huku kwetu hakuna mtu anayetembea bure.

Barabarani hatusalimiani habari tu. Tunaulizana unaenda wapi, na lazima pawe na wapi. Kijana wa mjini akikimbia na viatu vyake vya rangi, sawa, huyo ana mambo yake. Lakini mama mzee, amevaa sketi na leso, mikono mitupu, anateremka mpaka kituo cha maziwa, anagusa nguzo, anageuka anarudi? Huyo amepotea. Siku ya kwanza tu yule mtu wa pikipiki alisimama mbele yangu, akaniita kogo, yaani nyanya.

"Kogo, panda nikupeleke. Hii si ya pesa."

Nikamwambia asante, nafanya mazoezi.

"Mazoezi ya nini, kogo? Kuna mashindano?"

Nilicheka naye siku hiyo. Siku iliyofuata alisimama tena, na mwingine nyuma yake, na mama mmoja aliyekuwa akichuma chai kando ya barabara akaacha mistari yake akaja kunishika mkono, akanigeuza kuelekea nyumbani, polepole, akiniongelesha kama mtoto. Kabla sijavua viatu Kiprono alikuwa kwenye simu. "Mama, uko wapi? Nimeambiwa umeonekana barabarani."

Umeonekana. Kama ndama aliyekata kamba.

Nilijaribu kueleza habari za daktari. Akasema nifanye mazoezi hapo uani basi, ni pazuri, kuna nyasi. Uani! Nimezunguka ua ule mpaka kuku wakaanza kunifuata wakidhani nina mahindi. Uani hakuna mteremko, hakuna mtu wa kusalimia, na ukizunguka mara kadhaa unajihisi umefungwa.

Ndipo nikapata akili ya mtungi.

Jikoni kuna mtungi wa maziwa wa aluminiamu, wa zamani, ambao haukuwa na kazi tangu pikipiki ianze kuchukua maziwa langoni. Asubuhi moja nikaushika nikatoka nao, mtupu, mfuniko umekazwa. Mambo yakabadilika palepale. Hakuna aliyenisimamisha. Hakuna aliyenigeuza. "Chamgei, Mwalimu, unapeleka maziwa?" Nami naitikia, "Chamgei," napita. Nikirudi, "Umetoka kituoni?" "Ee, nimetoka." Na kweli nilikuwa nimetoka kituoni. Nilisimama tu nyuma ya jengo, nikavuta pumzi, nikarudi. Wenye pikipiki wakawa wananipigia honi ya salamu na kuendelea na safari zao. Hata Baba Brian aliniona na akanyamaza, nadhani alifikiri nampelekea mtu maziwa ya zawadi.

Acha niseme ukweli wa furaha ile, ingawa leo sina furaha. Mwanzoni nilikuwa nasimama njiani mara nyingi, nikijidai natazama chai. Baadaye nikawa nasimama mara moja pale kwenye mti wa mkaratusi. Baadaye nikaupita mti huo bila kuutazama. Usingizi ukarudi, ule wa kuangukia mto na kuamshwa na jogoo. Tumbo likawa linafanya kazi yake bila kubembelezwa. Daktari alipopima presha alitabasamu, na huyo si mtu wa kutabasamu ovyo. Vidato vya kanisa nikavipanda peke yangu, nikitangulia wenzangu, kwa maringo kidogo, Mungu anisamehe. Na asubuhi moja nilikunja mikono kifuani mbele ya kile kiti kikubwa, nikakaa, nikasimama. Sikushika kitu. Nikafanya tena ili nihakikishe. Nilitamani kumpigia mtu simu nimwambie, nikakumbuka kwamba wote ninaoweza kuwapigia ndio walionikataza.

Basi Jumanne nikakutana na Mama Weldon.

Mama Weldon ni jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, na ananizidi umri. Yeye bado anachuma chai yake mwenyewe. Wanawe hawakujaliwa kazi, kwa hiyo hakuna aliyemletea Baba Brian wala kiti. Watu wanamhurumia. Nami nilimhurumia zamani, mpaka nilipoanza kumtazama akipanda ule mteremko na kikapu kimejaa mgongoni, mgongo umenyooka, anaongea na mtu wa nyuma yake bila kukatika pumzi. Siku moja nilitaka kumwambia ana bahati. Akanitangulia. "Wewe Mungu alikukumbuka, Mwalimu. Umekalishwa. Mimi bado nateseka tu na hii chai." Alimaanisha, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu na vimepasuka, na mvua ilikuwa imemnyeshea tangu asubuhi. Ningemwambia nini? Mtu aliyechoka kweli huwezi kumhubiria mazoezi. Yeye anahitaji kukaa kidogo na mimi nahitaji kusimama kidogo, na hakuna anayetugawia sawasawa.

Jumanne alikuwa ameshusha majani yake kwenye banda la kupimia chai, anarudi na kikapu kitupu. Akanikuta napanda. Ana moyo mzuri yule mama. Akasema, "Leta hiyo nikusaidie, Mwalimu, umechoka." Nikasema hapana, sijachoka. Akasema leta tu. Akaushika mpini wa mtungi akauinua kwa nguvu ya kuinua mtungi wenye maziwa.

Ukaruka mpaka kifuani mwake. Nusura aanguke nyuma.

Akautikisa. Akafungua mfuniko akachungulia ndani. Akanitazama mimi, akautazama tena mtungi. Kama angecheka, ningecheka naye, ningemweleza yote, tungeketi pale kwenye nyasi na mambo yangeisha. Hakucheka. Alifunga mfuniko taratibu kabisa, akanirudishia mtungi mkononi, akasema, "Pole sana, mama." Mimi mwenye kumwita yeye mama! Kisha akanisindikiza mpaka langoni akiwa amenishika kiwiko.

Nilijaribu kueleza. Nilisema nimeubeba ili watu wasinisumbue. Sikilizeni sentensi hiyo mkiwa upande wake, mtaelewa kwa nini alizidi kunishika kiwiko.

Alhamisi akina mama wa kanisa walikuja kuniona. Walikuja wote, na mkate, sukari, unga, na chupa za chai kana kwamba kwangu jiko limezimika. Wakanikalisha kwenye kiti kile. Wakaimba. Mwenyekiti wao akaomba muda mrefu Mungu amrudishie mtumishi wake akili timamu kama alivyokuwa darasani. Mmoja akaniuliza kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, kama namkumbuka jina. Nikamtajia jina lake, la mama yake, na alama aliyopata katika insha kidato cha nne. Wenzake wakacheka kidogo halafu wakajizuia. Walikaa mpaka mvua ikaanza. Siku hiyo sikutembea hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nikitembelewa kwa ugonjwa wa kutembea. Walipoondoka magoti yalikuwa yamekaza.

Na leo ndipo akaja Kiprono.

Alikula kwanza, nashukuru. Kisha akaanza kwa upole ule wa watu wa ofisi, akizunguka maneno. Mama, ni umri. Mama, hata kwa mzee fulani ilianza hivi hivi. Mama, kule Nakuru kuna mtu wa kukaa na wewe kutwa. Nilimuuliza nimesahau nini. Ataje kitu kimoja nilichosahau. Akafikiri, akasema hakuna, lakini mtungi, Mama, mtungi mtupu.

Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Nikamwonyesha nikisimama kutoka kwenye kiti mikono imekunjwa. Akasema "wow, Mama," kwa sauti ya kumsifu mtoto aliyevaa viatu mwenyewe. Na hapo akataka kuinuka aniwekee chai, na kile kiti alichokalia, kile cha kwangu, kikamng'ang'ania. Ilibidi ashike mikono ya kiti, akaguna "aaai," akasimama akijishika kiuno. Hajafika hamsini. Tuliangaliana.

Ndipo ukweli ukamtoka. Aligeuka dirishani akasema, "Mama, watu wanaongea. Wanasema tumekuacha uzurure barabarani. Nimepigiwa simu na watu sijui hata walipata namba wapi. Unajua vile inaniuma?"

Najua. Namjua mtoto huyu tangu akiwa tumboni. Anaogopa siku moja nitaanguka barabarani nife, na watu watasema alikuwa na gari. Ananipenda kwa njia anayoijua, nayo ni kuniondolea mizigo yote mpaka nibaki sina cha kubeba. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote. Angekuwa mtoto mbaya ningemfukuza na gari lake.

Nikamwambia nina ombi moja. Pikipiki isichukue maziwa yote. Wanipimie nusu mtungi kila asubuhi, niyapeleke mwenyewe. Daktari ameruhusu nibebe, na nusu naiweza. Basi hakutakuwa na kitu cha kuzungumzwa, atakayeniona atamwona Mwalimu anapeleka maziwa.

"Na watu watasema siwezi kulipa mtu akupelekee?"

"Watasema. Bora waseme hilo na mimi natembea."

Akakuna kichwa. Kisha uso ukamfunguka, nikaona amepata njia. Akasema, "Sawa. Kesho asubuhi kabla ya kanisa tutaenda pamoja. Nitabeba mtungi mimi, wewe utembee tu kando. Halafu tutaona kuhusu Nakuru."

Atabeba yeye.

Niliingia chumbani nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyostahili, na ndiko ninakoandikia haya. Nimekasirika, lakini nimeona pia kwamba amesema tutaona. Saa sita alikuwa anasema tutaondoka. Huo ni ufa, na mimi ni mwanamke mwembamba siku hizi, naweza kupita.

Kabla ya kuanza kuandika nilipitia zizini. Nikamwambia Baba Brian kesho akimaliza kukamua aniitie, anijazie nusu. Akatazama gari. "Na Kiprono akisema?" Nikamuuliza ng'ombe ni wa nani. Akacheka mpaka akaegemea mlango. Akasema, "Ni wa Madam." Akaongeza kwamba kesho ataanza kukamua mapema kidogo.

Mtungi nimeuosha mwenyewe kwa maji ya moto, hakuna aliyeninyang'anya, nimeuinamisha jikoni ukauke. Kiprono ni mtu wa kulala Jumapili. Akiamka ataukuta mlango wazi, na mimi nitakuwa nimeshaupita mti wa mkaratusi. Akitaka kunifuata, anifuate, mteremko anaujua. Mama Weldon naye atakuwa kisimani kwake, kando ya barabara, wakati huo, na akitaka kunisaidia tena sitamkatalia. Anayetaka kujua kama nina akili zangu, aushike mpini wa mtungi auinue.